Tonamenti za sloti za bure: kwa mtu wa kubeti kidogo kidogo, zina faida?

WakalaMaweni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wengine wote habari za kutwa.

Nina duka la M-Pesa hapa Malindi, upande wa Maweni. Msimu huu wa kusi bahari imechafuka, mashua nyingi zimetia nanga, wageni wa hotelini ni wa kuhesabu, na vijana wanajaa kwenye benchi la duka langu tangu saa nne asubuhi. Zamani walikuwa wakibishana mpira. Siku hizi ni tonamenti za sloti, yaani mashindano ya zile mashine za kamari za picha zinazozunguka, ila sasa ziko ndani ya simu. Meseji ikiingia, "Umealikwa, kiingilio bure, zawadi 50,000", simu zote zinatoka mfukoni kwa mpigo mmoja. Juzi kijana mmoja akaniuliza, "Mama, ubaya uko wapi? Sitoi hata shilingi." Nilimwambia anipe muda nimjibu vizuri. Jibu lenyewe ndilo hili, na nimelileta hapa kwa sababu najua wanaouliza ni wengi.

Nianze kwa kusema kwamba nami nimezicheza. Kwa miezi mitatu nilicheza tonamenti 31 za bure na kila moja niliiandika nyuma ya daftari la duka, maana nimezoea kuandika kila kinachoingia na kinachotoka. Nilipata zawadi mara nne. Mara tatu ilikuwa bonasi, mara moja pesa taslimu, shilingi 150. Zile bonasi tatu ziliisha zote kabla hazijageuka pesa ya kutoa. Ile 150 nilinunulia unga.

Kwa asiyezijua: katika tonamenti ya kawaida ya bure kila mchezaji anapewa alama zilezile za kuanzia, tuseme 1,000, na muda uleule, mara nyingi dakika tano. Alama hizo si pesa, huwezi kuzitoa. Kinachohesabiwa ni jumla ya ulichoshinda ndani ya muda huo. Alama ulizobakiza bila kuzichezesha hazina thamani yoyote saa ikigonga. Nyingine hazipimi muda, zinakupa idadi ya mizunguko, tuseme 50, kila mtu sawa. Nyingine zinatazama ushindi wako mmoja mkubwa kuliko yote ukilinganishwa na dau. Wa juu kwenye ubao ndio wanaogawana zawadi, na mgawanyo wenyewe umesimama kama mnazi: wa kwanza anachukua fungu kubwa, wa thelathini anapewa cha kununulia soda, waliobaki wanapewa mwaliko wa tonamenti ijayo.

Sasa hesabu. Tuseme zawadi ni 50,000 na wameingia watu 4,000. Ukigawa sawasawa, fungu la kila mtu ni shilingi 12 na senti 50. Hiyo ndiyo thamani ya nafasi yako kabla hujaanza. Toa bando. Toa chaji ya simu. Kinachobaki ni burudani ya dakika tano, na burudani si kitu kibaya, sitamkataza mtu mzima kujiburudisha. Lakini anayeingia akidhani anatafuta riziki ajue kwamba riziki hiyo ni chini ya bei ya kikombe cha kahawa chungu na kashata.

Halafu hili neno "bure" limevalishwa nguo nyingi. Kuna bure ya kweli kama niliyoeleza. Kuna bure ya mara ya kwanza: muda wako ukiisha uko nafasi ya 61, na zawadi zinaishia 50, kitufe kinatokea, "Ongeza mizunguko kwa shilingi 50." Watu wazima wenye akili zao nimewaona wakilipa mara tatu kwa tonamenti waliyoingia bure. Na kuna ile ambayo kwangu mimi haistahili kuitwa bure hata kidogo: unajiunga bila kulipa, ndiyo, lakini alama unazipata kwa kuchezesha pesa zako mwenyewe kwenye sloti walizozitaja. Hapo mlango ndio wa bure. Ukumbini unalipa kila hatua, na anayeongoza ubao ni yule aliyechezesha nyingi zaidi.

Tuje kwenye bonasi, maana wengi wanaumia hapa bila kuelewa kilichowauma. Mara yangu ya pili nilishika nafasi ya 18 nikapewa bonasi ya shilingi 500. Nilifurahi, nikamwambia mume wangu. Kisha nikasoma masharti: uichezeshe mara 35 kabla ya kutoa. Mara 35 ya 500 ni 17,500. Yaani nizungushe dau za jumla ya shilingi 17,500 ndipo kitakachobaki kiwe changu. Sloti nyingi za mtandaoni zimepangwa zirudishe kama shilingi 94 hadi 97 katika kila 100 zinazochezwa, kwa wastani wa mizunguko mingi mno. Tuchukue 96. Kila 100 inayozunguka inaacha 4 kwa mwenye mashine. Kwa 17,500 hizo ni shilingi 700. Bonasi yenyewe ni 500! Kwa wastani imekwisha kabla sijafika mwisho wa masharti. Wapo wanaobahatika wakamaliza, sikatai, nasibu ni nasibu, lakini hata wao mara nyingi wanakuta kikomo cha kutoa kimeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Na ukishindwa ukaamua kuweka pesa zako "kidogo tu", kumbuka tangu Julai 2025 ushuru unakatwa asilimia 5 ya unachoweka kwenye akaunti ya kubeti, na kodi asilimia 5 ya unachotoa. Weka 1,000, usicheze hata mzunguko mmoja, itoe: utarudi na karibu 900. Hapo ada ya kutoa kwa wakala, yaani kwangu mimi, bado.

Yote hayo ni ya pesa, na mtu anaweza kusema, basi mama, mimi siweki pesa, nacheza bure tu na bonasi naziacha. Sawa. Lakini lililonifanya niache si pesa. Ni mkono.

Pale kwenye benchi anakaa kijana mmoja mvuvi wa mshipi. Kidole gumba chake cha kulia kina makovu mawili ya mshipi uliomkata akivuta kolekole. Siku moja nilikuwa sina mteja, nikamtazama akicheza tonamenti. Kidole kile hakikutulia. Kinapiga kitufe kabla picha hazijasimama, hatazami alichopata, hana haja, kwa kuwa kwenye tonamenti ya muda anayesita ndiye anayeshindwa. Ukizungusha mara nyingi zaidi una nafasi zaidi, basi. Huo ndio ufundi pekee uliopo. Akamaliza, hakupata kitu, na dakika ileile akaniomba nimwekee shilingi 200 kwenye simu. Nikamtazama tena. Kidole ni kilekile, mwendo uleule. Ila sasa zilikuwa pesa.

Hesabuni nami. Mzunguko mmoja kila sekunde tatu ni 20 kwa dakika, 100 kwa dakika tano. Kwa dau la shilingi 20, umechezesha 2,000 katika dakika tano. Kwa saa moja ni 24,000. Asilimia 4 yake ni 960, imekwenda, na hujafanya jambo lolote la ajabu, umecheza vilevile ulivyofundishwa na tonamenti ya bure. Mchezaji wa kawaida wa kubeti kidogo kidogo kilichokuwa kikimlinda ni upole wake. Alikuwa anazungusha, anatazama, anapiga gumzo, anazungusha tena. Tonamenti inamwondolea upole huo.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana: kama zawadi ni pesa taslimu isiyo na masharti, kama hakuna kitufe cha kununua nafasi, na kama akaunti yako haina pesa ndani wala hutaiwekea siku hiyo, icheze kama unavyocheza dhumna. Vinginevyo haina faida kwako, ina faida kwao. Karibuni mnisahihishe.

---

TuktukBarani

Mama wakala shikamoo. Nimesoma yote lakini naona umetukazia. Mimi naendesha tuktuk, kusi hii naweza kukaa stendi saa mbili bila abiria. Hizo tonamenti ndizo zinazonipitishia muda. Na nimewahi kushinda 1,000 taslimu, ikaingia kwa simu hapohapo, sikudaiwa masharti yoyote. Nimelipa stima. Mbona usiseme na hilo? Wenzangu wanatafuna miraa ya 200 kila siku, mimi nacheza cha bure, nani anapoteza?

---

WakalaMaweni

Marahaba mwanangu. Hongera kwa hiyo 1,000, na nimefurahi umelipa stima badala ya kuirudisha. Kama ilikuwa taslimu bila masharti, basi hiyo ilikuwa tonamenti ya haki na sina la kuipinga. Swali langu kwako ni moja, na unijibu kwa ukweli kwa sababu hakuna anayekujua hapa: tangu uanze kucheza za bure, pesa zako mwenyewe unaweka zaidi au unaweka pungufu kuliko zamani?

---

TuktukBarani

Naona ni sawa tu. Labda zaidi kidogo. Sijahesabu.

---

MtuWaAmu

Salamu kutoka Lamu. Nimeupenda uzi huu na nataka niongeze jambo kuhusu hilo neno tonamenti, maana linanikera.

Huku kwetu tuna mashindano ya mashua na ya punda siku za Tamasha la Utamaduni. Mashua mbili zikitoka, kuna nahodha anayejua upepo unageukia wapi ukipita kisiwa, kuna watu wanaoning'inia ubavuni kusawazisha chombo, kuna tanga lililoshonwa vizuri na lililoshonwa ovyo. Aliyeshindwa mwaka huu anarudi nyumbani akijua alikosea wapi, na mwakani anakuja na akili mpya. Hata mtoto anayepanda punda amekaa na punda wake miezi mingi akimzoeza pwani. Hayo ndiyo mashindano.

Sloti utajifunza nini? Programu inachagua namba kwa nasibu, mzunguko uliopita haujui chochote kuhusu ujao. Ukicheza tonamenti mia moja hutakuwa hodari kuliko uliyecheza ya kwanza. Sasa ukiweka ubao wenye majina, nafasi, mshale wa kupanda na kushuka, akili ya mtu inadhani imeingia kwenye mashindano ya kweli. Ukishika nafasi ya 9 unajiona umekaribia. Hukukaribia popote. Nimemwona mpwa wangu akisema "nimeanza kuielewa hii mashine". Nilihuzunika kweli, kwa sababu ni kijana mwenye bidii, na ile bidii yake ameipeleka mahali ambapo haiwezi kuzaa.

Kwangu mimi hilo ni baya kuliko mahesabu yote.

---

Mhudumu_Watamu

Dada wakala asante. Mimi nafanya kazi hotelini Watamu, mwezi wa tano na wa sita tunapewa likizo bila malipo, kwa hiyo najua hiyo benchi unayoisema. Nina maswali mawili. Moja, nimeona tonamenti ya idadi ya mizunguko, si ya muda. Hiyo haifundishi mkono haraka, au vipi? Pili, waliniomba picha ya kitambulisho mbele na nyuma kabla ya kunipa zawadi ya 300. Niliogopa nikaacha. Nilifanya vibaya?

---

WakalaMaweni

Mdogo wangu, swali lako la kwanza ni zuri na limenifanya nifikiri upya. Ni kweli, ile ya mizunguko 50 kwa kila mtu haina haja ya haraka. Unaweza kuzungusha mmoja, ukapika chai, ukarudi. Ile ya kutazama ushindi mmoja mkubwa nayo ni hivyohivyo. Kama mtu lazima acheze, achague hizo, na ile ya saa inayorudi nyuma aikimbie. Nilipaswa kuliandika hilo juu kabisa.

Lakini kuna jambo moja linabaki hata katika hizo. Mashine inaimba na kumetameta kila inapokurudishia kitu, hata kama umeweka 20 ikakurudishia 8. Sikio lako linasikia umeshinda. Mfuko wako umepoteza 12. Kwenye tonamenti ya bure hulitambui hili kwa kuwa kila alama inayoingia kweli inaongeza jumla yako, hakuna hasara inayohesabiwa. Unalizoea wimbo la ushindi, kisha unalibeba hadi kwenye pesa zako.

Swali la pili. Kampuni yenye leseni inaweza kweli kukuomba kitambulisho kabla ya kukulipa, ili ihakikishe umri na kwamba akaunti ni yako. Hilo peke yake si wizi. La kuangalia ni nani anayeomba. Tazama chini ya tovuti yake kama kuna leseni ya Kenya na namba yake. Kuna tovuti nyingi za nje zinazotualika kwa lugha tamu na hazina leseni yoyote hapa. Kwa hizo, wakikataa kukulipa, utamshitaki nani? Na picha ya kitambulisho chako itakuwa imeshavuka bahari. Kwa 300 na kampuni usiyoijua, nadhani ulifanya vyema kuacha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wanazitunzaje taarifa zako, lakini haki hiyo ina nguvu kwa aliye ndani ya nchi au anayeijali.

---

DadaWaMuyeye

Nimesita kuandika lakini naandika.

Kaka yangu alianza hivyohivyo, na ya bure. Alikuwa habeti kabisa, hata mkeka wa mpira, ile orodha ya mechi za kubetia, hajawahi kuweka. Alijiunga kwa sababu ya zawadi ya simu. Simu hakupata. Alichopata ni meseji. Kila siku meseji: mizunguko 10 ya bure, bonasi ya Ijumaa, tumekukosa rudi. Walikuwa na namba yake, walijua saa anazoamka. Siku ya mshahara meseji zilikuwa tatu kabla ya adhuhuri. Mwezi wa nne hivi akaanza kufuliza, yaani kukopa kwa Fuliza ya M-Pesa, ili abeti. Mshahara ukiingia, deni la Fuliza linakatwa kwanza, anabaki na kidogo, anafuliza tena.

Mama yetu aligundua siku alipompa pesa za dawa ya presha na pesa hazikuonekana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, akauliza tu, "Mwanangu, zile pesa ziko wapi?" Kaka hakujibu. Alitoka nje akaenda kukaa chini ya mwarobaini mpaka usiku.

Sasa ameacha, alhamdulillahi, lakini namba ya simu alilazimika kubadilisha. Tafadhalini msiniambie kiingilio ni bure. Kiingilio kilikuwa namba yake.

---

WakalaMaweni

Dada, pole sana, na pole kwa mama. Ulichokiandika ni kweli kuliko nilichokiandika mimi. Kampuni hailipi zawadi za 50,000 kwa mapenzi. Inanunua namba za watu walio tayari kuzungusha, na kwa mgawanyo ule wa shilingi 12 na senti 50 kila namba, imezipata kwa bei ya chini mno. Sikuwa nimeliona hivyo mpaka nilipokusoma.

Wenye kutaka kujaribu, basi angalau msitumie laini yenye M-Pesa na Fuliza yenu. Ingawa kampuni nyingi hapa zitakataa, zinataka laini ileile utakayoweka nayo pesa. Hilo nalo linakueleza jambo.

---

Baraza_Shela

Ndugu zangu, mnazungumza asilimia na mizunguko, na lililo wazi mnalipita. Kamari imeharamishwa, Suratul Maida aya ya 90 imeitaja pamoja na ulevi. Kidogo chake na kingi chake. Hapa pwani hatupaswi hata kujadili kama ina faida.

---

WakalaMaweni

Sheikh wangu, hilo nalijua na siligombi. Nami nimetubia yale niliyoyacheza. Ila niliulizwa na kijana ambaye tayari anacheza, na nilitaka nimjibu kwa lugha atakayoisikiza mpaka mwisho. Nikimwambia haramu peke yake atasema "najua mama" na kidole kitaendelea. Nikimwonyesha hesabu pengine atatua simu. Akishatua simu, njia ya kuja kwako msikitini itakuwa fupi zaidi. Kuhusu kama tonamenti isiyo na dau kabisa inaingia katika hukumu ileile, hilo ni lenu wenye elimu, mimi si mtu wa kulisemea.

---

Baraza_Shela

Nimekuelewa mama. Allah akulipe kheri. Endelea.

---

Kijana_Majengo

Wazee wetu mnakumbuka mashine za bonanza? Zile za sarafu zilizokuwa vichochoroni na madukani, watoto wa shule wakienda na pesa za chakula. Serikali ilizikusanya na kuziteketeza mwaka 2018. Tulipiga makofi. Sasa mashine ileile iko mfukoni mwa kila mtu na inatuma mialiko. Na Agosti 2025 Rais ametia saini Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Mimi nina matumaini nayo. Sheria ya 1966 iliandikwa wakati kamari ilikuwa jengo lenye mlango, mtu unamwona akiingia.

---

WakalaMaweni

Nazikumbuka vizuri. Moja ilikuwa mlango wa pili kutoka dukani kwangu. Walau ile ilikuwa inafungwa usiku, na mwenye duka akikuona umezidi anakwambia "nenda nyumbani kwa mkeo". Sheria mpya nami naiombea mema. Nimeshuhudia wiki zile za Mei 2025, matangazo ya kamari yaliposimamishwa kwa siku 30, benchi langu lilikuwa na utulivu ambao sikuuzoea. Sisemi ni dawa, nasema niliuona.

TuktukBarani, mwanangu, bado upo? Nina ombi dogo. Tonamenti yako ijayo ya bure, hesabu mizunguko yako kwa sauti. Dakika tano tu. Kisha fungua historia ya akaunti yako uangalie siku uliyocheza kwa pesa zako, ulizungusha mara ngapi na kwa muda gani. Halafu rudi nyuma, mwezi mmoja kabla hujaanza tonamenti, uangalie vilevile. Usiniletee majibu kama hutaki.

---

TuktukBarani

Mama, nimefanya. Nilikuwa nimeegesha karibu na soko, hakuna abiria.

Tonamenti: mizunguko 104 kwa dakika tano. Nilipoteza hesabu mara moja kwa hiyo inaweza kuwa zaidi.

Jumamosi iliyopita, pesa zangu: niliweka 400. Historia inasema nilianza saa tatu na dakika 12 usiku nikamaliza saa tatu na dakika 40. Mizunguko 380, shilingi 10 kila mmoja. Yaani nimechezesha 3,800. Mimi siku zote nilikuwa najua nimecheza 400.

Mwezi wa pili, kabla ya tonamenti: nusu saa ileile, usiku uleule wa Jumamosi, mizunguko 58. Nakumbuka usiku ule. Nilikuwa na rafiki yangu, tunakula viazi karai, tunazungusha tukicheka. Niliweka 100 na nikarudi nyumbani na 60.

Jumamosi iliyopita sikumbuki hata sloti ilikuwa ya picha gani.

---

MtuWaAmu

Kaka, asante kwa kuandika hivyo.

---

Mhudumu_Watamu

Nami nimeangalia yangu sasa hivi. Siandiki hapa.

---

TuktukBarani

Mama wakala, ile akaunti inafungwaje? Naona sehemu ya kutoka tu, ukitoka unaingia tena.

---

WakalaMaweni

Kutoka si kufunga. Tafuta kwenye mipangilio palipoandikwa kujizuia, au uwaandikie huduma kwa wateja kwamba unataka akaunti ifungwe moja kwa moja na namba yako iondolewe kwenye meseji zao. Andika kwa maneno, usipige tu simu, ili uwe na ushahidi. Watakujibu kwa kukupa mizunguko 20 ya bure. Usiifungue, jibu tena vilevile.

Duka liko wazi mpaka saa tatu usiku. Pitia ukimaliza kubeba abiria wa saa za magharibi, tuandike pamoja. Njoo na kitambulisho, watakiuliza.